Sikio Lisilo na Sufu

Hilaria Ccoa alikuwa ameapa kwamba siku ya chaku hatafungua mdomo. Atashika kamba kama wenzake na atateremka mlima kama wenzake, lakini sauti yake hawataipata. Watu wa kijiji chake cha Kolpapampa walikuwa wameshamlia vyake vya kutosha, na kilichobaki kwake ni sauti hiyo tu. Wakiitaka, waje waing'oe kooni.

Na chaku bila kelele si chaku. Kijiji kizima hujipanga mlimani, mkubwa kwa mdogo, wote wameshika kamba moja ndefu iliyofungwa vitambaa vya rangi, halafu huteremka pamoja wakipiga mayowe na kugonga makopo, huku vikunya, wanyama wa porini wa jamii ya ngamia wenye sufu laini, wakikimbia mbele yao mpaka wanaingia kwenye boma la nyavu. Humo hukatwa sufu, kisha huachiwa warudi zao. Vikunya hana mwenyewe kijijini. Ni mifugo ya Baba Yanarasu, mlima wenyewe, na watu huazima koti la mzee huyo mara moja kwa mwaka, basi. Alpaka na lama, ndugu zao wa kufugwa, ndio wa watu, na hao huwekwa alama. Februari, mvua ikiwa imekolea, kila nyumba hutoboa masikio ya wanyama wake na kuyafunga vishada vya sufu nyekundu. Mwenye kishada ana mwenyewe, asiye nacho ni wa mlima. Hata mtoto anayenyonya anajua hilo.

Mkosi wa Hilaria ulianzia hapo hapo, kwenye sikio.

Zamani kidogo alpaka wao mmoja, jike jeupe, alipotea. Nicanor, mume wa Hilaria, alimtafuta mpaka soli za viatu zikaisha, akamkuta ng'ambo ya bonde akila majani katikati ya kundi la vikunya, ametulia kama aliyeolewa huko. Jike hilo lilirudi nyumbani na mimba. Alichozaa kilikuwa kidume cha rangi ya mdalasini, miguu kama vijiti, macho makubwa yasiyojua kuomba radhi. Ukimtazama ni baba yake mtupu. Ukimshika tu ndipo, chini ya ule ulaini, vidole vilimkuta mama.

Mama mwenyewe hakudumu. Puma, paka mkubwa wa milimani, alimchukua kabla ndama hajajua kula majani, na Hilaria, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akamfunga yatima mgongoni kwa shuka yake na kumnywesha maziwa ya kondoo kwa chupa ya soda. Akamwita Chumpi. Chupa aliipasha joto kwapani, kwa sababu kuni za kule juu ni shida, na saa ya maziwa ilipofika alimwita kwa sauti ndefu, akilivuta lile jina mpaka likagonga mawe ya upande wa pili. Popote alipokuwa, Chumpi alikuja mbio na kumtia pua kwapani. Alikuwa akisahau kila kitu isipokuwa hilo.

Februari yake ya kwanza Hilaria alimsokotea kishada kizuri kuliko vyote, chekundu chenye uzi wa kijani. Sindano ilikuwa imeshafika sikioni Nicanor alipomshika mkono.

"Huyo usimtoboe."

"Kwani si wetu? Mama yake si nilikuwa namfuga mimi?"

"Mama yake wetu. Baba yake wa nani? Ukimfunga sufu, unamtangazia mzee pale juu kwamba tumemwibia. Na yeye akiibiwa huja kuchukua cha ndani ya nyumba."

Hilaria alibishana kidogo, akairudisha sindano kofiani. Alikuwa mke wa kusikia. Kishada akakitia mfukoni mwa sketi, na Chumpi akakua na masikio mawili safi, bila hata alama ya mwiba.

Alipokuwa dume kamili ndipo kijiji kilipompenda. Watu waliona sufu aliyonyolewa, nyembamba na yenye joto, wakapiga hesabu vichwani mwao kimya kimya. Wa kwanza kuja alikuwa Braulio, kaka mkubwa wa Nicanor, mwenyekiti wa kijiji na bingwa wa hotuba. Alileta majike yake kwa njia ya nyuma ya kilima, wapandwe na Chumpi, na shukrani yake ikawa jibini moja na onyo kwamba mambo hayo yabaki ndani ya ukoo. Ukoo gani? Wiki ile ile walikuja majirani, kisha majirani wa majirani, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye akili. Mwaka uliofuata mazizi ya Kolpapampa yalijaa ndama wa rangi ya mdalasini, na wote wakatobolewa masikio na kuvishwa vishada huku watu wakinywa pombe na kucheza. Hakuna aliyeuliza baba yao ni wa nani.

Halafu radi ikampiga Nicanor malishoni. Sikio la Chumpi lilikuwa safi kama alivyotaka, hakuna aliyeibiwa chochote, na bado cha ndani ya nyumba kilichukuliwa. Hilaria hakumsamehe yeyote kwa jambo hilo. Hakuusamehe mlima, hakumsamehe Nicanor, na hakuusamehe mkono wake mwenyewe uliokuwa mwepesi wa kutii.

Baada ya mazishi alilala tu. Zizi lilibaki wazi, na siku alipotoka kuota jua Chumpi hakuwepo. Alikuwa amefuata harufu ya kwa baba yake. Wachungaji walisema wamemwona ng'ambo akipigana na dume la vikunya na kulishinda, kisha akajitwalia majike wake wote. Hilaria alipoambiwa alicheka, na hicho kikawa kicheko chake cha pekee mwaka mzima.

Chaku ya mwaka ule hakushika kamba, kwa sababu mjane aliye matangani hashiki. Alikuwa jikoni akimenya viazi. Chumpi aliingia bomani na wenzake, akakatwa sufu kama wenzake, na hakuna aliyemtambua. Sufu yote ikashindiliwa magunia yale yale. Mnunuzi alipofungua magunia mjini alikuta nyuzi nene ndani ya zile nyembamba, akasema mali imechanganywa, akayarudisha yote. Afisa wa wilaya naye akaja akaeleza kwamba damu ya mifugo imeingia porini, na kwamba isipokatwa mapema hakutakuwa tena na vikunya halisi upande huu wa mlima. Hapo ndipo Kolpapampa nzima ilipomkumbuka Chumpi. Wale wale wa njia ya nyuma ya kilima wakasimama kwenye kikao, mmoja baada ya mwingine, wakamwita chotara wa Hilaria.

Jioni ya kuamkia chaku ya mwaka uliofuata Braulio alikuja nyumbani kwa mjane. Hilaria alimpa supu ya viazi vikavu, kwa sababu shemeji ni shemeji hata akija na kisu. Mwenyekiti alikunywa polepole, akasifu chumvi, akalalamikia magoti yake, kisha akasema kilichomleta.

"Kesho, shemeji, utashika kamba katikati, karibu na korongo."

"Kwani pale pembeni ninapokaa siku zote pameota miiba?"

"Nataka uwe karibu. Wakishaingia bomani utamwita. Atakayekujia ndiye."

"Halafu?"

Braulio alikoroga supu iliyokuwa imebaki maji tu. "Kikao kilishaamua, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nataka nikusikie wewe, mdomo wako."

"Atachinjwa."

Alieleza kwa urefu, kama kawaida yake. Kwa macho hawawezi kumtofautisha, na vidole vinavyomjua ni vya Hilaria tu. Wakimchinja vikunya halisi kwa kukosea, serikali itawafunga na Baba Yanarasu atawafanya vibaya zaidi ya serikali. Wasipomchinja yeyote, mnunuzi hatakanyaga tena kijijini. Ni lazima wawe na hakika, na hakika hiyo anayo Hilaria peke yake. Hilaria aliomba wamhasi tu, wamrudishie, amfungie zizini mpaka azeeke. Braulio alisema kikao hakikusema kuhasi.

"Basi amenisahau," Hilaria akasema. "Porini ana wake, ana watoto. Atanikumbuka mimi kwa lipi?"

"Mtoto wa chupa hasahau," Braulio akajibu, akaweka bakuli chini, akashukuru kwa supu.

Ndiyo maana Hilaria aliapa.

Siku yenyewe ilipambazuka na baridi ya kukata midomo. Watu walitafuna majani ya koka, wakamwaga pombe chini kwa ajili ya mlima, wakajipanga. Kulia kwa Hilaria alikuwa jirani yake Donata, mwanamke mnene mwenye utani usiokwisha, na kushoto alikuwa mume wa Donata. Kamba ilipoanza kuteremka mayowe yakapaa mlima mzima. Hilaria alitembea kimya.

"Umemeza ulimi?" Donata akamuuliza. "Au unautunzia mchumba?"

Hilaria akaendelea kuteremka. Donata akaacha utani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye, angekuwa mahali pake, angefanya hivyo hivyo, kisha akapiga yowe la watu wawili ili pengo lisisikike. Nyumbani kwa Donata kulikuwa na ndama watatu wa mdalasini, na yeye angalau alikuwa na haya ya kukumbuka.

Vikunya walianza kuonekana chini yao, mstari mwembamba wa rangi ya majani makavu, kisha wengi, wakikimbia huku na huku na kurudi. Hilaria alijikataza kutafuta kwa macho, na macho yakatafuta. Alimwona mara moja. Alikuwa nyuma ya majike wake, mahali pa dume, akiwasukuma mbele, shingo imenyooka. Alikuwa amenenepa. Moyo wa Hilaria ulimpasuka kwa furaha, na furaha yenyewe ikamuuma.

Walipofika ukingo wa korongo, mahali barafu ya alfajiri ilikuwa haijayeyuka, Donata alikanyaga vibaya, miguu ikamtangulia, akaanguka chali na kamba ikamtoka. Kamba ya upande ule wote ikalala chini. Pengo likafunguka, si kubwa, lakini vikunya haombi mlango mpana.

Waliona. Jike la mbele la kundi la Chumpi liligeuka kama upepo na kuruka kamba, la pili likafuata, na la tatu. Mume wa Donata alikuwa akihangaika kumwinua mkewe na huku anapapasa kamba. Watu wa juu walikuwa wakipiga kelele pengo lizibwe. Chumpi alikuwa amebakiza hatua chache tu. Angeruka tu, angeshuka korongo, angepotelea miamba ya ng'ambo, na mwaka mzima ungekuwa wake. Lakini dume huwa la mwisho, na alikuwa amesimama akiwangoja walio nyuma wapite kwanza, na mkono wa mume wa Donata ulikuwa umeshaipata kamba.

Hilaria alisahau kiapo. Kila kitu ndani yake kilipanda kooni kwa mkupuo mmoja.

"Nenda! Chumpi, nenda!"

Jina lilitoka kama lilivyokuwa likitoka siku zote, refu, likagonga mawe ya upande wa pili na kurudi.

Chumpi alisimamisha masikio. Aligeuza kichwa, akamtazama, akaliacha pengo na kuja. Alikuja mbio zile zile za utotoni, miguu ikirushwa kando, na majike waliokuwa nyuma yake, walipomwona dume wao anarudi, nao wakarudi. Alifika, akamtia pua kwapani.

Hilaria alimpiga kofi la uso. Akamsukuma shingo kwa mikono miwili, akamwambia aende, mjinga wee, aende, akaokota jiwe na kumrushia miguuni. Chumpi alirudi nyuma kidogo, akadhani ni mchezo, akainamisha kichwa na kurudi kwapani kutafuta chupa. Kamba ilikuwa imeshainuliwa. Watu wote waliokuwa wanataka hakika walikuwa wameipata.

Hakuna aliyehitaji kumfunga. Alimfuata Hilaria mpaka bomani kwa miguu yake mwenyewe.

Hapo Hilaria alijaribu la mwisho. Alimkumbatia shingo, akasema mbele ya wote kwamba mnyama huyu ni wake, amezaliwa zizini mwake, amelelewa mgongoni mwake, na mali ya mtu haichinjwi bila ridhaa ya mtu. Watu wengine walianza kunung'unika kwamba kweli, hiyo ni sheria. Braulio alisubiri wanyamaze.

"Kama ni wako, shemeji, tuonyeshe sikio."

Hilaria alizidi kumkumbatia. Braulio mwenyewe ndiye aliyelifunua sikio la kushoto, kisha la kulia, taratibu, kama mtu anayefungua mikono ya mtoto kuona ameficha nini. Yalikuwa safi yote mawili.

"Hana sufu," akasema. "Asiye na sufu ni wa mlima. Na aliye wa mlima ni wetu sote."

"Na wale wa zizini kwako, Braulio? Wale wa mdalasini, wenye vishada vizuri vizuri? Baba yao ni mlima gani?"

Hilaria hakumwita shemeji. Hilo lilisikika zaidi ya maneno mengine. Watu walitazama viatu vyao. Mtu mmoja akakohoa. Mke wa Braulio akaanza kuchambua kitambaa cha kamba ambacho hakikuwa na kasoro. Hilaria aliwatazama mmoja mmoja, akiwajua kwa majike yao, nao wakajua kwamba anawajua. Alidhani aibu ingewazuia, maskini. Wenye aibu walikuwa wengi, na wote walitaka limalizwe haraka.

"Wale wana sufu," Braulio akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya hotuba.

Walimkata manyoya kwanza. Sufu nzuri haiachwi, hata ya yule waliyesema anaharibu sufu. Na Hilaria aliona kwa macho yake mke wa Braulio akiitia kwenye mfuko wake mwenyewe, mbali na magunia. Chumpi alitulia wakati wa kunyolewa kwa sababu kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Hilaria. Alitulia na kwenye kisu pia, kwa muda, mpaka alipoelewa. Hilaria hakugeuza uso. Hakulia pia. Machozi yangewapa sababu ya kumfariji, na hakutaka kuguswa na mkono wowote wa Kolpapampa.

Ilipokwisha aliingiza mkono mfukoni mwa sketi, akatoa kishada chekundu chenye uzi wa kijani. Kilikuwa kimechakaa pembeni kwa kukaa sana. Akachomoa sindano kwenye kofia yake, akalitoboa sikio ambalo bado lilikuwa na joto, akafunga fundo linalostahili, lile la wanyama wa nyumbani, na kulikaza.

"Umechelewa, shemeji," Braulio akasema. Hakuwa anamkejeli. Alisema kama mtu mwenye huzuni, na hilo ndilo Hilaria alilolichukia zaidi.

"Najua."

Kazi ya kukata sufu ikaendelea mpaka jua likapita utosini. Kila mmoja alikuwa na shughuli, na hakuna aliyemsogelea mjane, isipokuwa Donata aliyekuja akichechemea, akakaa kando yake kidogo, kisha akainuka kwenda kupika. Waliobaki na sufu yao bomani ni ndama wa mwaka ule. Hao hawakatwi, hawakaguliwi, hushikwa tu wasikanyagwe mpaka wakubwa wamalizwe. Mtu akampa Hilaria mmoja amshike, pengine ili mikono yake ipate cha kufanya.

Alikuwa jike, wa miezi michache. Rangi ya mdalasini, miguu kama vijiti, macho makubwa yasiyojua kuomba radhi. Ukimtazama ni vikunya mtupu. Hilaria alipitisha vidole shingoni mwake, chini ya ule ulaini, na vidole vikamkuta bibi yake, lile jike jeupe lililopotea. Vikakaa hapo hapo, havikutaka kuondoka. Alitazama huku na huku. Ndama wengine wanne watano walikuwa wamesimama na mama zao, majike wale walioshindwa kupita kwenye pengo kwa sababu dume wao aliitwa.

Braulio alikuja akifuta mikono. Alikuwa amechoka, amezeeka kwa siku moja. Alichuchumaa mbele yake.

"Shemeji, leo unichukie, nimekubali. Lakini niambie ukweli, maana tumefanya haya yote kwa ajili hiyo. Humu ndani hakuna mwingine?"

Hilaria alifikiri kidogo. Alifikiria magunia ya mwaka kesho kutwa, ndama hawa wakishakuwa wakubwa wa kunyolewa; mnunuzi akiingiza mkono na kuutoa; kikao kikiitwa tena; na kijiji chenye njaa, yeye na Donata wakiwa miongoni mwao. Akamfikiria na yule mzee pale juu, ambaye Nicanor aliogopa kumwibia, na sasa kundi lake litabadilika polepole mpaka siku moja asilitambue. Sikio la yule ndama lilikuwa mkononi mwake, dogo, jembamba, safi.

"Hakuna," akasema.

Braulio akamshukuru, akaenda kuamuru nyavu zifunguliwe. Vikunya walitoka kwa kishindo, wamenyolewa, wembamba, wakipanda mlima bila kuangalia nyuma. Hilaria alimwachia yule ndama mwishoni kabisa, akasimama akamtazama mpaka alipowafikia wenzake, kisha akaenda kuwasaidia wengine kukunja kamba.